Utando wa Plastiki Chini ya Shaba

Bi Barafu alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja kitambaa, mkono wa pili bisibisi, alipoona kitu ambacho macho yake yalikataa kukiamini. Akayafumba, akayafumbua. Kitu kilikuwa palepale.

Jumatatu ile alikuwa amepewa kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa katika jengo lile. Mkurugenzi alimwambia akitoe kabatini kikasha cha Profesa na akisugue mpaka king'ae, kwa sababu Ijumaa ya wiki inayofuata Profesa angeagwa rasmi, na kikasha chake kingewekwa ndani ya sanduku la kioo pale mlangoni, kila mgeni akione. Chenyewe kilikuwa kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kimekazwa kwa skrubu, na ndani yake mlikuwa na unga wa kijivu uliokuwa haujaguswa kwa miaka kumi na mmoja. Ubavuni mwake palitoka mkanda wa shaba, mpana kama kidole gumba. Kazi ya mkanda huo ilikuwa moja tu, kuleta ubaridi. Upande mmoja ulishika kikasha, upande wa pili ulishika sahani ya jokofu.

Aliufungua mkanda ili asugue na nyuma yake. Hapo ndipo alipouona utando. Ilikuwa plastiki nyembamba isiyo na rangi, ile inayobandikwa kiwandani juu ya bati jipya lisikwaruzike, na ambayo kila fundi mwenye akili zake huibandua kabla ya kufunga chochote. Hii haikubanduliwa. Ilikuwa imelala kati ya mkanda na kikasha, imetobolewa matundu mawili ya skrubu, safi kama iliyobandikwa jana.

"Hapana," alisema kwa sauti, na chumbani hamkuwa na mtu. "Hapana, hapana, hapana."

Maana aliyeufunga mkanda ule alikuwa yeye mwenyewe.

Jina la Bi Barafu alipewa na Profesa, miaka ishirini na miwili nyuma, wiki ya kwanza alipoajiriwa. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa majokofu katika ghala la nyama. Alijua kusikiliza kompresa kama daktari anavyosikiliza kifua, na ndiyo sababu walimchukua, japo cheti chake kilikuwa cha chuo cha ufundi tu na wenzake wote wana shahada. Majirani waliposikia jina hilo walidhani anauza barafu. Mumewe, fundi viatu mwenye mdomo mwepesi, aliwajibu: "Mke wangu anatunza friji kubwa kama nyumba, lakini ukimpa kilo moja ya nyama akuwekee, hana pa kuiweka."

Jokofu lenyewe lilitumia heliamu, na lilishusha joto mpaka karibu na mwisho wake, pale ambapo joto lenyewe linaisha. Ubaridi huo ulitakiwa kwa ajili ya sumaku. Katika jengo lile watu walichunguza sumaku zilizojificha ndani ya vitu, zile za atomu mojamoja, ambazo huwezi kuzikamata kwa dira wala kuziona kwa darubini. Kwa hiyo walizitumia chembe ziitwazo myuoni. Myuoni huzunguka kama pia na ina kausumaku kake. Unaipiga ndani ya unga, inakwama humo, inaishi sehemu mbili tu kati ya milioni za sekunde, halafu inakufa. Ikifa hutupa chembe nyingine upande ule ilikokuwa imeelekea. Ukihesabu mamilioni ya chembe hizo, unajua myuoni zilizungushwa na nini kabla ya kufa. Kama sumaku za ndani zimejipanga kama askari kwenye gwaride, myuoni zote huzunguka pamoja, na kwenye skrini huchorwa mawimbi. Kama sumaku hazijajipanga, hakuna wimbi. Mstari unateremka tu kimyakimya.

Unga wa Profesa haukutoa wimbi. Hilo ndilo lililompatia jina. Vitu vya aina ile vyote, ukivipoza vya kutosha, sumaku zake hutulia na kujipanga. Wa kwake alisema haukutulia hata ulipofikishwa kwenye sehemu tatu tu kati ya mia za digrii moja juu ya mwisho huo wa joto. Sumaku zake zilicheza daima, kama maji yasiyoganda. Alialikwa kuhutubia huku na huko. Wengine wachache walipojaribu unga kama ule wakaona dalili za kuganda, Profesa aliwajibu kwamba unga wao ni mchafu, kwamba hawajui kuupika.

Sasa Bi Barafu alikaa sakafuni, ameegemea kabati. Kipimajoto kilikuwa kwenye sahani ya jokofu, hakikuwa kwenye kikasha. Sahani ilisoma sehemu tatu kati ya mia, na wote waliamini kwamba na unga uko hapohapo. Lakini plastiki katika ubaridi ule ni blanketi. Unga ulikuwa umefunikwa blanketi! Haukuganda kwa sababu haukufika kwenye baridi.

Halafu wazo la pili likamjia, na hili lilimchoma kuliko la kwanza, hata akaweka kiganja mdomoni.

Maswali.

Maswali alikuwa binti wa kaka yake. Aliitwa hivyo tangu ana miaka minne, kwa kuuliza mpaka watu wakakimbia. Ni Bi Barafu aliyemwonyesha jengo lile akiwa bado na sare ya shule, na mtoto alipokua akarudi kama mwanafunzi wa Profesa. Wakati Profesa anapima kwa myuoni, yeye alipeleka unga uleule, uliopikwa kwenye chungu kimoja, kwenye kituo kingine walikotumia nyutroni. Nyutroni hupenya ndani ya kitu na kugongana na sumaku zake, na kama sumaku zimejipanga, kwenye mchoro huota vilele vipya ambavyo havikuwapo. Maswali alirudi na vilele viwili vidogo. Vilianza kuota kwenye robo ya digrii.

Profesa alimwambia unga aliochukua ulichafuka njiani. Maswali hakukubali. Pakafanyika kikao, watu sita mezani, na Profesa akamgeukia fundi wake. "Bi Barafu, kikasha changu ulikifunga wewe. Ubaridi ulifika au haukufika?"

Naye alijibu, mbele ya mtoto wa marehemu kaka yake: "Nilikifunga kwa mikono yangu hii. Ulifika."

Baada ya miezi mitatu Maswali aliacha masomo. Alikuwa sasa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Alikuja kwa shangazi yake kwenye arusi na misiba, akasalimia kwa adabu zote, akala, akaondoka. Miaka kumi na mmoja hawakutaja kikao kile hata mara moja.

Bi Barafu aliutazama utando. Ukucha mmoja tu ungetosha kuubandua. Angeufinyanga, angeutia mfukoni, angesugua shaba, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye ncha ya plastiki. Kisha akauvuta kama aliyegusa kaa la moto, akaokota kikasha, akapanda ngazi kwenda ofisi ya Profesa.

Profesa alikuwa akipanga vitabu ndani ya maboksi. Alikuwa mzee mrefu, mpole, asiyewahi kumpandishia fundi sauti. Bi Barafu aliweka kikasha juu ya meza, akainua mkanda kwa ncha ya bisibisi.

"Tazama hapa, Profesa."

Alitazama. Akavaa miwani, akatazama tena. Rangi ikamtoka usoni, na mkono wake ukatafuta kiti nyuma yake, ukakikosa, ukakipata.

"Umemwonyesha nani?" aliuliza.

"Wewe tu."

Akaugusagusa utando kwa kidole. Bi Barafu alingoja aulize walichokuwa wakiuliza siku zote chochote kilipoharibika: tutapima lini upya?

"Ubandue," alisema Profesa. "Ukisugue kama ulivyoambiwa. Kikae kwenye kioo chake."

Bi Barafu alidhani masikio yamemdanganya. "Unasemaje, Profesa?"

"Nimebakiza siku kumi na moja, Bi Barafu. Mimi ni mtu mzima na wewe ni mtu mzima. Kosa ni lako, nami nakusitiri. Nisitiri na mimi."

Bi Barafu alitoka mle ofisini kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Miaka ishirini na miwili! Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kwamba namba haipakwi rangi. Aliyewahi kutupa kazi ya mwaka mzima kwa sababu waya mmoja ulilegea, akacheka, akasema tuanze upya. Ngazi alizozipanda kila siku zikawa ngeni. Alishuka ameshika ukuta.

Siku hiyohiyo saa tisa alasiri alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa. Wanafunzi walikuwa wametoka, na Maswali alikuwa anafuta ubao.

"Shangazi? Nani amefariki?" Hilo ndilo lililomjia kwanza, kwa jinsi alivyomwona.

"Hakuna aliyefariki. Kaa, mwanangu."

"Niambie nimesimama."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alisema utando, mkanda, sahani, blanketi. Alisema "mimi" mara nyingi. Maswali alisikiliza, kifutio kikiwa kifuani, vumbi la chaki likimwagikia kwenye blauzi bila mwenyewe kujua.

"Robo ya digrii," alisema hatimaye. Sauti yake ilitoka mbali. "Vilele vyangu."

"Ndiyo, mama."

"Nilizichoma zile karatasi, shangazi. Nilidhani naumwa. Nilidhani mimi ni mtu anayeona vitu visivyokuwapo." Akakaa, mwishowe, kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamebanwa. "Na yeye anasemaje?"

"Anasema nibandue."

Bi Barafu alijiandaa kwa matusi, kwa machozi, kwa chochote. Lakini Maswali alimtazama tu kwa macho makavu, na akasema neno moja.

"Pima."

Fundi wa ubaridi hana ruhusa ya kupima sumaku za mtu, lakini anayo ruhusa ya kujaribu jokofu lake, na kila mwezi alitengewa siku mbili za kufanya hivyo, mashine ikiwa inatoa myuoni ambazo hazijapangiwa mtafiti yeyote. Siku hizo zilikuwa Alhamisi na Ijumaa ya wiki ileile. Hakumwuliza mtu. Alikirudisha kikasha jokofuni kama kilivyokuwa, utando na vyote, ila safari hii alibandika kipimajoto cha pili juu ya kikasha chenyewe. Mpaka Alhamisi mchana sahani ilikuwa imefika kwenye sehemu tatu kati ya mia za digrii. Kikasha kilikuwa sehemu sitini kati ya mia. Alikitazama saa nzima kilivyokataa kushuka zaidi.

Akapasha joto, akatoa kikasha, akabandua utando mbele ya simu aliyoiwasha ichukue picha, akautia kwenye bahasha, akaandika tarehe na sahihi. Akafunga mkanda upya, shaba kwa shaba, akakaza mpaka vidole vikamuuma.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Maswali alikuja. Aliomba ruhusa shuleni akasema ana mgonjwa. Walikaa wawili mbele ya skrini katika kijumba cha vioo, na nje yake ukuta wa zege unene wa mkono. Bi Barafu aliteremsha ubaridi hatua kwa hatua. Nusu digrii: mstari tu, unateremka. Sehemu nne kati ya kumi: mstari. Tatu: mstari. Maswali alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kwenye robo ya digrii mstari ulitetemeka. Nukta zilizidi kujaa, na pale palipokuwa na mteremko mtupu pakainuka mgongo mmoja, kisha bonde, kisha mgongo wa pili. Lilikuwa wimbi. Hapakuwa na haja ya kuwa na shahada kuliona.

"Mungu wangu," alinong'ona Maswali. "Mungu wangu, shangazi. Lipo."

"Lipo," ilijibu sauti nyuma yao.

Walishtuka wote wawili hata kiti kikaanguka. Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Hakumtazama mwanafunzi wake wa zamani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye skrini, akaweka kidole juu ya kioo, akafuata wimbi, kupanda, kushuka, kupanda. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akakaa juu ya sanduku la vifaa, mzee yule mrefu, kama mzigo uliotuliwa vibaya.

"Alisema robo," alisema, akiielekeza sauti kwenye sakafu. "Alisema robo kamili."

"Mimi hapa, Profesa," alisema Maswali. "Unaweza kuniambia mwenyewe."

Profesa aliinua uso. Akainuka, akaondoka, na viatu vyake vilisikika korido nzima.

Ijumaa ya kuagwa, ukumbi ulijaa. Sanduku la kioo lilikuwa mlangoni, tupu. Profesa hakuja. Mkurugenzi alisimama na barua mkononi, akaisoma, na kadiri alivyosoma sauti yake ilipungua. Profesa alikuwa anautangua ugunduzi wake wote. Vipimo vipya vya myuoni vilionyesha kwamba unga unaganda kwenye robo ya digrii. Chanzo cha kosa, barua ilisema, ni hitilafu ya ufungaji iliyofanywa na fundi wa ubaridi.

Barua iliishia hapo.

Watu waligeuka kumtazama. Mtu mmoja nyuma alisema "Lahaula!" bila kujizuia. Bi Barafu alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Alikuwa tayari kulibeba kosa lake. Alikuwa amelibeba siku kumi na moja. Lakini alingoja sentensi moja zaidi na haikuja, na jambo hilo lilimduwaza kuliko kutajwa kwake. Alisimama. Hakuwahi kuzungumza katika ukumbi ule, hata kuuliza chai iko wapi.

"Ni kweli," alisema. "Nilikifunga mimi, na plastiki niliiacha mimi. Ninayo kwenye bahasha, atakaye aje aione. Lakini barua imesahau kitu. Alikuwapo mtu aliyeujua ukweli huu mwaka uleule, kwa nyutroni, kwenye robo ya digrii hiyohiyo. Akaambiwa unga wake mchafu. Akaondoka humu. Na nilipoulizwa, sikwenda kuangalia. Nilijibu papo hapo, kwa sababu aliyeniuliza alikuwa mkubwa na aliyepinga alikuwa mtoto wangu."

Akakaa.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, kama mambo ya ofisi yanavyokwenda. Bi Barafu alipewa onyo la maandishi, akalitia sahihi. Kituo cha nyutroni kiliulizwa kama kinahifadhi vipimo vya zamani. Kikajibu kwamba hakifuti chochote, na vilele viwili vya Maswali vikarudi vikiwa vizima, pamoja na jina lake na saa aliyoanza kupima. Matokeo ya myuoni na ya nyutroni yaliandikwa pamoja, na jina la kwanza likawa la mwalimu wa sekondari. Profesa alimpigia Maswali simu mara tatu. Mara ya tatu aliipokea, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nimekusikia. Sasa andika." Ikachukua miezi miwili, lakini aliandika, na barua ya kukiri alivyomkosea Maswali ikachapishwa, mistari minane, jina lake chini.

Walimwomba Maswali arudi. Alisema hapana, ana kidato cha nne wenye mtihani. Bi Barafu alisikia vibaya, lakini hakumshawishi.

Maswali aliendelea kuja nyumbani, tena sasa hakungoja msiba. Alicheka na fundi viatu, alikula, alisimulia ya shule. Bi Barafu alianza kudhani yamekwisha. Ndipo Jumapili moja, wanaosha vyombo, akamwambia kwa wema tu, "Hiyo sufuria hujaisugua chini, mwanangu," na Maswali akaitupa sufuria kwenye karai hata maji yakaruka mpaka dirishani.

"Umeangalia?" alipiga kelele. "Ndiyo, unaangalia sasa! Sufuria unaiangalia! Miaka kumi na mmoja, shangazi! Ulikuwa na ufunguo wa lile kabati mfukoni! Hatua ishirini! Ungeinuka tu pale kwenye kiti!"

Alilia kwa sauti kubwa, bila kujificha, kama mtoto. Mumewe Bi Barafu alitokea mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, akaona, akarudi alikotoka. Bi Barafu alisimama, maji yakimchuruzika kwenye kanga. Maneno ya kujitetea yalimjia yote, na moja moja akayameza.

"Ndiyo," alisema. "Hatua ishirini. Niambie yote."

Maswali akamwambia. Ilichukua alasiri nzima, na vyombo vikakauka na povu lake.